Ukuta na Stakabadhi: Kodi ya Biashara za Nyumbani Mjini Kisangani

Katika nchi nyingi, anayefanyia biashara nyumbani hujaza fomu kuiomba serikali impunguzie kodi kwa kuwa chumba kimoja cha nyumba yake kimekuwa ofisi. Kisangani ni shida kumpata anayefanya hivyo, ingawa kifungu kinachoruhusu kiliandikwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 1969. Makala hii inatetea hoja moja: nafuu ya kodi anayoipata mama wa Mangobo au Kabondo, komuni mbili za mji huu, kwa kufanyia kazi nyumbani inatokana zaidi na ukuta wa nyumba yake kuliko kifungu chochote cha sheria. Asiyeonekana hatozwi. Lakini nafuu hiyo ina gharama zake, na wanaoisifu sekta isiyo rasmi kwa ujanja wake huzisahau mara nyingi.

Tuanze na maandishi. Amri-sheria namba 69-009 ya 10 Februari 1969, iliyopanga kodi za mapato kwa mafungu, ilikubali kwamba mwenye kazi atoe kwenye mapato yake pango alilolipa kwa jengo, au kwa sehemu ya jengo, linalotumika kwa kazi hiyo, pamoja na gharama za kulitunza na kulitia mwanga. Maneno "sehemu ya jengo" yanatosha kabisa kumfungulia mlango fundi wa chumba cha mbele. Papo hapo, hata hivyo, sheria ilimzuia mwenye nyumba kujihesabia pango la nyumba yake mwenyewe. Kwa upande wa pili, kodi ya mapato ya pango, ambayo chini ya sheria hiyo ilikuwa asilimia 22, inamwangukia anayepangisha, si anayekaa kwake. Ukitazama vizuri, mizani imelala sawa: mwenye nyumba hatozwi kwa pango asilolipokea, wala hakati pango asilolilipa. Mpangaji ndiye anayebanwa, kwa sababu mwenye nyumba anayelipa kodi hiyo huitafuta kwake. Kumbe aliyejenga kwake na kufanyia kazi humo anaanza safari akiwa na nafuu ya kweli ambayo sheria haikuiita nafuu.

Katiba ya 18 Februari 2006 iliongeza jambo. Kodi ya ardhi na majengo, kodi ya mapato ya pango na kodi ya magari zilikabidhiwa mikoa, na tangu 2015 mkoa huo kwa Kisangani ni Tshopo, si tena Orientale. Kodi ya faida ya biashara ilibaki kwa Kurugenzi Kuu ya Kodi, yaani DGI. Ushuru wa meza ya sokoni ni wa ngazi ya chini. Hivyo chumba kimoja chenye cherehani kinaweza kuwa jengo machoni pa mkoa, biashara machoni pa DGI, na kibanda machoni pa komuni.

Kitazame chumba chenyewe, kama vilivyo vingi katika komuni za Tshopo au Lubunga. Asubuhi cherehani ya kukanyaga kwa mguu inatolewa barazani kufuata mwanga. Vikwembe, yaani vitenge, vya wateja vimekunjwa juu ya kiti, kila kimoja na kipande cha karatasi chenye vipimo. Ndani kuna friji ya kuuzia maji na juisi siku ambazo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, upo. Gunia la makala, yaani makaa, ni moja: sehemu inapika sombe, yaani kisamvu, ya watoto, sehemu inapasha pasi. Akitokea mtu mwenye mkoba na kitabu cha risiti, cherehani inarudi ndani. Sasa mwambie mama huyu atenge makala ya pasi na makala ya sombe, aandike kila mwezi, atunze ushahidi. Muuza makala wa mtaani hatoi stakabadhi. Kifungu cha 1969 kilimwazia daktari au wakili mwenye karani na daftari za hesabu. Kwa huyu, makato ya gharama yana kazi nyingi kuliko faida.

Pengine ndiyo maana mtunga sheria wa 2013 alipita njia nyingine. Amri-sheria namba 13/006 ya 23 Februari 2013 iliwaondolea wadogo mzigo wa kuhesabu gharama. Biashara ndogo kabisa, ambayo mauzo yake ya mwaka hayazidi faranga milioni 10 za Kongo, ililipishwa faranga 50,000 kwa mwaka na basi. Kuanzia hapo hadi milioni 80, kiwango kikawa asilimia 1 ya mauzo kwa anayeuza bidhaa na asilimia 2 kwa anayetoa huduma. Milioni 80 ndicho pia kilikuwa kizingiti cha kuingia katika kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Januari 2012 kwa asilimia 16. Kwa muundo huu biashara ya nyumbani haihitaji kuthibitisha kwamba chumba ni ofisi, kwani hakuna cha kukata.

Naupenda urahisi huu, ila hesabu zake zina miba. Kwa viwango hivyo, anayeuza kwa milioni 2 kwa mwaka analipa asilimia 2.5 ya mauzo yake. Anayekaribia milioni 10 analipa kama nusu ya asilimia 1. Mdogo zaidi ndiye anayebeba zaidi. Kisha kuna ngazi ya ghafla: fundi wa huduma akifika milioni 10 na laki moja, kodi inaruka kutoka 50,000 hadi 202,000. Na huyo fundi anatoa huduma au anauza bidhaa? Mteja akileta kikwembe chake, amenunua kazi ya mikono. Fundi akinunua kitambaa mwenyewe na kuuza gauni lililokwisha shonwa, ameuza bidhaa, na kiwango kinashuka nusu. Katika baraza moja yote mawili hutokea kabla ya saa sita mchana.

Sarafu nayo imefanya lake kimyakimya. Mwaka 2013 dola moja ya Marekani ilikuwa karibu faranga 920, hivyo 50,000 zilikuwa takriban dola 54. Kufikia 2024, dola ikiwa karibu faranga 2,800, kiasi hicho hicho kilikuwa chini ya dola 18. Kwa aliye chini kabisa hilo lilikuwa punguzo ambalo hakuna waziri aliyelitangaza. Lakini kizingiti cha milioni 10 kiliporomoka vilevile, kutoka karibu dola 10,900 hadi kama 3,600, na biashara iliyokuwa "ndogo kabisa" ikajikuta imepandishwa daraja bila kushona gauni moja zaidi. Mwaka 2023 Kongo ilipata sheria mpya za kodi ya mapato. Takwimu zinaweza kubadilika, lakini kizingiti kilichoandikwa kwa faranga kitaendelea kuliwa na bei.

Kama dola 18 zilitosha kwa mwaka mzima, kwa nini cherehani bado inakimbizwa ndani? Hapa wachumi wengi hutaja ujinga wa sheria au ukaidi. Mimi naona hesabu ya akili timamu. Mbali na kodi ya 2013 ipo patenti ya biashara ndogo, inayotokana na amri-sheria namba 90-046 ya 8 Agosti 1990, kwa wasioandikishwa kwenye daftari la biashara. Upo pia ushuru wa ngazi za mitaa. Mazungumzo ya mlangoni huwa mafupi:

"Mama, hii risiti ni ya ofisi nyingine."
"Sasa papa, nyumba si ni hii hii?"
"Nyumba ni hii. Ofisi ndiyo nyingine."

Stakabadhi isiyofunga mazungumzo haina thamani ya faranga 50,000. Ni ushahidi tu kwamba hapa kuna biashara, na anayefuata anauona. Janet MacGaffey, katika kitabu chake Entrepreneurs and Parasites cha 1987, kilichotokana na utafiti wake Kisangani, alionyesha jinsi wafanyabiashara wa mji huu, wanawake wakiwamo, walivyojijenga nje ya njia za dola iliyogeuka mzigo juu yao. Neno Parasites, yaani vimelea, katika kichwa cha kitabu chake linawahusu wanaokamua, na mtaani mpaka leo kila mtu anajua Kifungu cha 15, kile ambacho hakikuandikwa popote: jitafutie.

Ila ukuta unaomficha mama kwa mtoza ushuru unamficha pia kwa mteja. Hawezi kutundika kibao. Shule inayotaka sare mia mbili inataka ankara yenye namba ya kodi, na oda inakwenda kwa mwenye duka katika komuni ya Makiso. Mikopo ni hadithi hiyo hiyo. Kwa mwanamke aliyeolewa palikuwa na kizuizi juu ya kizuizi: Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka apate idhini ya mume kwa matendo yake ya kisheria, hadi marekebisho ya Julai 2016 yalipoiondoa. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2012 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, ipo hata hadhi ya mjasiriamali mdogo anayetoa tamko tu la shughuli yake bila kuandikishwa kama mfanyabiashara kamili. Sheria ya OHADA inaiachia kila nchi kuweka vivutio vya kodi kwa hadhi hiyo. Mlango upo, basi.

Tanzania ilijaribu kitu cha jirani. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Lawama zilikuwapo, na moja ina uzito: baadhi ya waliolipa hawakuwa wakidaiwa kodi ya mapato hata kidogo. Hata hivyo wazo la msingi lilikuwa sahihi, kwamba karatasi moja iwe jibu kwa kila anayebisha hodi.

Mkoa wa Tshopo unaweza kulifanya hilo kwa amri yake, bila kungoja Kinshasa: nyumba ya kuishi ibaki nyumba ya kuishi kwa kodi ya majengo hata kama ina biashara ndogo kabisa ndani yake, na risiti ya kodi ya mwaka itambuliwe na komuni zote sita za mji. Upinzani utatoka kwenye komuni zenyewe, na si bila sababu. Katiba, kifungu cha 175, inaiahidi mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa. Ahadi hiyo haijatekelezwa ipasavyo, na ngazi ya mwisho ndiyo inayoachiwa kujilipia. Ofisa ambaye mshahara wake unategemea kinachokusanywa barazani hatakubali risiti ya ofisi nyingine mpaka aonyeshwe fungu lake litatoka wapi.