Pua ya Bibi na Tope la Rufiji

Bibi yangu alilima mpunga upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji. Kabla ya kufyeka mikoko, alichota tope na kulinusa. Weusi peke yake haukumtisha. Likinuka yai viza, aliliacha akaenda kutafuta mbele.

Alichonusa ni kazi ya bakteria. Udongo uliojaa maji huishiwa hewa milimita chache tu kutoka juu, na vijidudu vilivyomo humo chini hulazimika kupumua kwa kutumia vitu vingine. Maji yakiwa matamu, hustawi vile vinavyotoa methani. Bahari ikiingia huja na salfeti, karibu gramu 2.7 kwa lita, na hapo hutawala vinavyoigeuza salfeti kuwa salfidi hidrojeni, sumu ya mizizi ya mpunga. Mwaka 1895 Martinus Beijerinck alimpata bakteria mmoja wa aina hiyo kwenye tope la Delft, Uholanzi.

Dawa ya chumvi ilikuwa mto wenyewe. Masika mafuriko yalisukuma bahari nyuma na kumwaga tope jipya lenye chuma, na chuma huikamata salfidi na kuifunga. Huo ndio weusi ambao Bibi hakuuogopa: sumu iliyokwisha kufungwa. Harufu maana yake chuma kimezidiwa. Hakuwahi kusikia neno salfidi, lakini kwangu mimi huo ulikuwa upimaji wa udongo kamili, na unastahili kuandikwa katika historia ya kilimo chetu.

Miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini. Kusini chumvi ikapanda. Kaskazini mpunga ukakubali, watu wakaufuata, misikundazi na mikoko mingine ikaanguka, madungu ya kulindia mpunga yakasimama mashambani. Shamba lilitoa vizuri miaka michache, kisha magugu yakashinda jembe, kaa wakamaliza miche, watu wakafyeka kwingine.

Kuizuia bahari kwa tuta si rahisi kama inavyoonekana. Huko Casamance, Senegal, mashamba yaliyozungushiwa matuta yalikauka, hewa ikaingia, bakteria wa aina nyingine wakaigeuza ile salfidi kuwa tindikali, na mpunga ukafa bila chumvi kuugusa.

Juu ya delta, kwenye mto huohuo wa Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, siubishii. Ila bwawa hunasa tope, na ndani ya tope hilo mna chuma. Megawati 2,115 zinajulikana kwa kila mtu. Nataka kila mwaka lipimwe pia tope linalofika Nyamisati na Mchungu huku deltani, chumvi yake, chuma chake na bakteria wake, na wazee wanaojua kunusa wawepo siku ya kupima.