Luteka ya pamoja ni nini, na raia aulize nini?

Luteka ya pamoja ni mazoezi yanayokutanisha majeshi ya nchi kadhaa ili yajifunze kufanya kazi chini ya amri moja. Si vita, wala askari hawajatumwa vitani. Tunaieleza hapa kwa sababu ndugu zetu wa Minova, eneo la Kalehe, wakisikia majeshi yanakusanyika huanza kufunga mizigo.

Mwaka 2016 Saudi Arabia iliandaa luteka iitwayo "Ngurumo ya Kaskazini", karibu na Hafar al-Batin. Nchi nyingi za Kiarabu na za Kiislamu zilishiriki, zikiwemo Jibuti na Komoro. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina luteka yake, "Ushirikiano Imara", iliyofanyika Tanga mwaka 2018 na Jinja mwaka 2022. Humo askari hujizoeza kulinda amani, kupambana na ugaidi na uharamia, na kuokoa watu wakati wa maafa.

Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022. Novemba mwaka huo askari wa Kenya waliingia Goma, katika kikosi cha kikanda kilichokuwa pia na askari wa Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Hayo hayakuwa mazoezi tena. Serikali ilikataa kuongeza muda wao, na kikosi kikaondoka Desemba 2023.

Minova inajua jambo ambalo luteka haiwezi kulipima. Novemba 2012, Goma ilipoanguka, askari wa jeshi la taifa walirudi nyuma hadi Minova, wakapora na kubaka. Umoja wa Mataifa ulithibitisha kesi 135 za ukatili wa kingono. Mahakama ya kijeshi iliwashtaki watu 39. Katika hukumu ya tarehe 5 Mei 2014, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji.

Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23. Jeshi lolote likija au likiondoka, tuulize: askari hawa wamefundishwa sheria ya kulinda raia? Mkubwa wao ni nani, naye anaadhibiwa na nani? Mama aliyeumizwa apeleke mashtaka wapi? Viongozi wa mtaa na wa makanisa wayaulize mapema, kabla askari hawajafika, na majibu yaandikwe.