Pindo la Matuta: Ribu kwa Mfumaji Anayeanza

Mama anayemnunulia mwanawe sweta ya shule hapa Rabai, pwani ya Kenya, haanzi kwa kutazama rangi. Hushika mwisho wa mkono wa sweta, akauvuta, akauachia, akaangalia kama unarudi. Ukirudi, sweta ni nzuri. Ukibaki umetanuka, huirudisha mezani hata kama bei imeshuka. Kipande hicho kinachovutika na kurudi, kwenye mikono, kiunoni na shingoni, ndicho Waingereza wamekipa jina litokanalo na mbavu, nasi tukiliazima jina hilo tunatamka ribu.

Kwa Kiswahili tungeweza kusema pindo, na mnunuzi ataelewa. Lakini pindo linataja mahali tu, yaani ukingo wa nguo. Leso nayo ina pindo, na pindo la leso halinyumbuki. Tukitafsiri moja kwa moja tukasema mbavu, tumetaja sehemu iliyotokeza na kusahau ile iliyozama kati ya ubavu na ubavu. Hapo ndipo mfumaji anayeanza anapopotea, kwa sababu sehemu iliyozama nayo hufumwa kitanzi kwa kitanzi, na ikikosewa hata ile iliyotokeza haisimami. Kwa hiyo napendekeza matuta. Mkulima wa viazi vitamu anajua kwamba huwezi kuinua tuta bila kuchimba mfereji kando yake. Udongo wa tuta ndio uliotoka mferejini. Basi ribu ni ufumaji wa matuta, na ule ukingo wa sweta ni pindo la matuta.

Kazi ya kutafutia vitu majina si ngeni Rabai. Wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua kituo chao Rabai Mpya mwaka 1846, na Rebmann alikaa huko hadi mwaka 1875. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Lakini neno hukaa likitoka kwa wenye kazi, na wenye kazi yetu hii ni wengi kuliko mgeni anavyodhani. Pwani ni joto, kweli, lakini miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, asubuhi za vilimani zina ubaridi na watoto huenda shule na sweta. Mtoto mchanga naye hufumiwa kofia na soksi hata katikati ya kaskazi.

Tuangalie kitambaa kwa karibu. Kitanzi kikivutwa kutoka nyuma kuja mbele, huacha alama iliyo kama herufi V. Hicho tukiite kitanzi cha uso. Kikisukumwa kutoka mbele kwenda nyuma, huacha kivimbe kilicholala kama punje ya mchele. Hicho ni kitanzi cha mgongo. Ni kitanzi kilekile. Ukigeuza kitambaa, V yako imekuwa punje na punje yako imekuwa V. Kitambaa kilichofumwa uso mtupu upande mmoja hujikunja kingo zake, maana kila kitanzi kinavutia upande wake. Ukipanga nguzo za uso, yaani vitanzi vilivyosimama kimoja juu ya kingine, na nguzo za mgongo kwa zamu, mivuto hiyo hushindana: nguzo za uso zinakuja mbele, za mgongo zinazama, na kitambaa chote kinajikusanya kwa upana. Ukikivuta, mikunjo inafunguka, ukikiachia, inarudi. Unyumbufu wa ribu unatokana na mpangilio wa vitanzi kabla haujatokana na uzi.

Jambo hili liliwapa taabu hata watengeneza mashine. William Lee wa Nottinghamshire alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, lakini ilifuma uso mtupu. Ilipita karne moja na zaidi ya nusu kabla ya Jedediah Strutt, kule Derby, kupata hataza mwaka 1759 ya kifaa chenye safu ya pili ya sindano, ya kugeuza baadhi ya vitanzi. Mashine zinazofuma mapindo ya sweta za shule hivi leo bado zinatumia safu mbili za sindano. Mfumaji wa mkono hana safu ya pili. Anachofanya ni kuhamisha uzi, mbele kwa mgongo, nyuma kwa uso, na makosa mengi yanazaliwa katika uhamisho huo.

Kosa la kwanza ni kuupitisha uzi juu ya sindano badala ya kuupitisha katikati ya sindano mbili. Uzi uliopanda juu unageuka kitanzi kipya, na safu inayofuata inaacha tundu. Dalili yake ni hesabu: ulianza na vitanzi 40, sasa una 43. Hesabu kila baada ya safu mbili mpaka mkono uzoee.

La pili linavunja moyo zaidi, maana matuta yanapotea kabisa na kitambaa kinakuwa cha punjepunje. Tuseme unafuma uso mbili, mgongo mbili, kwa sindano mbili za kawaida. Ukiwa na vitanzi 40, safu inaishia mgongo mbili; ukigeuza kazi, hizo mbili zinakutazama kama uso, basi unaanza tena uso mbili na kila kitu kinalingana. Ukiwa na vitanzi 42, safu inaishia uso mbili. Ukigeuza, zinakutazama kama mgongo, na safu hiyo lazima ianze mgongo mbili. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kila safu huanza uso mbili ataharibu kazi yake kwa bidii, safu baada ya safu, huku akiamini mkono wake ndio mbaya. Mkono hauna neno. Alifundishwa kuhesabu, hakufundishwa kusoma kitambaa. Tazama kitanzi kilicho kwenye sindano ya kushoto: ukiona V chini yake, fuma uso, ukiona punje, fuma mgongo. Ningeanza kumfundisha hivyo mtu yeyote kabla ya kumpa namba.

Kosa la tatu ni tuta lililolegea upande mmoja. Katika ribu ya mbili kwa mbili, nguzo ya kushoto ya kila tuta hutanuka, kwa sababu uzi unaotoka uso kwenda mgongo unasafiri njia ndefu kidogo na kile kipande cha ziada kinaingia katika kitanzi cha mwisho cha uso. Fuma kitanzi cha kwanza cha mgongo, kisha kaza uzi kabla ya kufuma cha pili. Vilevile tumia sindano nyembamba kwa pindo: kama mwili wa sweta ni sindano ya milimita 4, pindo lifumwe kwa 3.25.

Kofia isiyopita kichwani mara nyingi ina ribu nzuri na mwanzo mbaya. Vitanzi vya kuanzia vikibanana, matuta hayawezi kufunguka hata yakiwa sawasawa. Anzia kwa sindano nene, acha nafasi ndogo kati ya kitanzi na kitanzi, kisha rudi kwenye sindano yako. Mwishoni, unapofunga, funga ukifuata mpangilio: uso juu ya uso, mgongo juu ya mgongo, bila kukaza.

Uzi nao una sehemu yake. Pamba inafaa joto letu na ngozi ya mtoto, lakini ikivutwa hairudi vizuri. Pindo lake lifumwe moja kwa moja, yaani uso mmoja na mgongo mmoja, kwa sindano nyembamba na vitanzi vichache zaidi. Akriliki hurudi vizuri mpaka ipigwe pasi ya moto. Hapo nyuzi zinalainika, matuta yanalala, na hakuna kufua kutakakoyainua.

Ukiona kosa safu kumi chini, usifumue pindo zima. Nenda kwenye nguzo yenye kosa, kiachie kitanzi chake kimoja kiteremke mpaka pale, kisha kipandishe kwa kulabu ya kroshia, ukidaka uzi mmoja mmoja wa ile ngazi iliyobaki. Kama ni nguzo ya uso, kulabu inaingia kutoka mbele. Kama ni nguzo ya mgongo, geuza kitambaa uifanye uso, upandishe, kisha kigeuze tena. Jaribu kwanza kwenye kipande cha majaribio cha vitanzi 20, ukiangusha kitanzi kimakusudi, mpaka uweze kukirudisha bila woga.