Visiwa vya Blasket: kwa nini watu wa mwisho waliondoka

Wengi wetu tuliisikia Ireland kwanza kupitia mapadri na masista wake waliokuja Afrika Mashariki kufundisha shuleni na kutibu hospitalini. Makala hii inakupeleka magharibi kabisa mwa nchi hiyo, kwenye pwani ya majabali, mawimbi na upepo. Tunaeleza jinsi watu walivyoishi kwenye kisiwa kidogo huko, na kwa nini serikali iliwahamisha mwaka 1953.

Mahali penyewe

Pwani ya magharibi ya Ireland inatazamana na Bahari ya Atlantiki. Ukisimama pale, mbele yako ni maji matupu hadi Amerika. Upande wa kusini magharibi iko kaunti ya Kerry, na ndani yake mna Rasi ya Dingle iliyochomoza baharini kama kidole. Kwenye kona ya Slea Head, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja una mwamba, mkono wa pili una bahari inayochemka huko chini.

Mbele ya ncha ya rasi hiyo kuna visiwa vya Blasket. Vikubwa ni sita. Kile kikubwa kuliko vyote, An Blascaod Mór kwa lugha ya Kiairishi, kina urefu wa kilomita kama 6 na upana wa kilomita 1 hivi. Kilele chake kina mita 292 na hakuna msitu. Kisiwa cha kaskazini, Inis Tuaisceart, ukikitazama kutoka bara kinafanana na mtu aliyelala chali, ndiyo maana wenyeji wamekipa jina la Mtu Mfu.

Kati ya kisiwa kikubwa na bara pana mlangobahari wa kilomita 2 hivi. Umbali huo ni mdogo, lakini mkondo wa maji una nguvu na miamba mingi imejificha chini. Septemba 1588, meli za kivita za Hispania zilizoshindwa kuivamia Uingereza zilikuwa zinarudi kwao kwa kuizunguka Ireland. Mojawapo, Santa María de la Rosa, iligonga mwamba hapa ikazama. Aliokoka mtu mmoja tu.

Waliishi vipi?

Nyumba za kisiwani zilikuwa za mawe, zimebanana kwenye mteremko unaotazama bara ili kukwepa upepo. Watu walilima viazi na shayiri, wakafuga kondoo na ng'ombe wachache. Walivua vibua na kamba koche, wakawinda sungura, sili na ndege wa baharini. Kwa kuwa hapakuwa na miti ya kuni, walichimba udongo mweusi wa mabaki ya mimea, wakaukata vipande kama matofali na kuukausha juani. Huo ndio uliowapikia na kuwapa joto.

Usafiri wao ulikuwa mtumbwi mwepesi uitwao naomhóg. Ulitengenezwa kwa fito za mbao zilizovikwa turubai lililopakwa lami. Watu wachache waliweza kuubeba begani kutoka nchi kavu hadi majini, lakini baharini ulihitaji vijana wenye nguvu wa kupiga makasia.

Kisiwa hakikuwa na daktari, na hakikuwa na kanisa. Aliyetaka padri, dawa au harusi alivuka mlangobahari hadi kijiji cha Dún Chaoin, bahari ikiruhusu. Wakati wa baridi, bahari iliweza kukataa kwa wiki nzima au zaidi.

Njaa na safari za ng'ambo

Kuanzia 1845, Ireland ilipigwa na ugonjwa wa viazi ambao wakulima wa viazi mviringo huku kwetu wanaujua kwa jina la bakajani chelewa. Majani yaliungua na viazi vikaoza ardhini. Maskini wa vijijini walitegemea zao hilo moja. Wakati huohuo nafaka na mifugo ziliendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo. Ndani ya miaka michache watu kama milioni 1 walikufa, na wengine kama milioni 1 walipanda meli kwenda ng'ambo.

Kisiwani nako watu walipungua, ingawa bahari iliwasaidia kupata chakula. Baadaye waliongezeka tena, wakafika kama 175 mwaka 1916. Lakini njia ya kwenda Marekani ilikuwa imeshafunguka. Kijana mmoja akifika mji wa Springfield, Massachusetts, alifanya kazi, akatuma nauli, na mdogo wake akafuata. Kila aliyeondoka aliacha kasia moja bila mtu wa kulishika.

Vitabu kutoka kijiji cha wavuvi

Wakaazi wa kisiwa walizungumza Kiairishi wakati sehemu kubwa ya Ireland ilikuwa imehamia Kiingereza. Wataalamu wa lugha kutoka Norwei, Uingereza na miji ya Ireland walianza kuja kujifunza lugha hiyo kwa wavuvi wenyewe, na baadhi yao wakawahimiza waandike.

Tomás Ó Criomhthain alikuwa mvuvi. Shuleni alifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alijifunza kuisoma na kuiandika lugha ya mama yake akiwa mtu mzima. Kitabu chake cha maisha ya kisiwani, An tOileánach, yaani Mtu wa Kisiwani, kilitoka 1929. Muiris Ó Súilleabháin alifuata 1933. Kisha mwaka 1936 kikatoka kitabu cha Peig Sayers, mama aliyesifika kwa kusimulia hadithi. Peig hakuandika kwa mkono wake. Alisimulia, na mwanawe akaandika. Vitabu hivyo bado vinasomwa, na vimetafsiriwa katika lugha nyingine.

Kilichowaondoa

Shule ya kisiwa ilifungwa 1941 kwa kukosa watoto. Kisha, katika majira ya baridi ya 1946 kuelekea 1947, kijana mmoja aliugua homa ya uti wa mgongo. Bahari ilichafuka, daktari hakuweza kufika wala mgonjwa hakuweza kuvushwa, na kijana akafariki. Miezi michache baadaye dhoruba iliwafungia tena wakaishiwa chakula, wakamtumia Waziri Mkuu Éamon de Valera telegramu ya kuomba msaada. Julai mwaka huo alikwenda mwenyewe kuwasikiliza.

Ilichukua miaka 6 zaidi. Tarehe 17 Novemba 1953 serikali ilianza kuwahamisha waliobaki, kama watu 22 tu, kwenda kwenye nyumba za Dún Chaoin. Hata siku hiyo bahari ilikuwa mbaya, na si wote walioweza kuvuka.

Ni rahisi kudhani kwamba majabali na mawimbi ndiyo yaliyowashinda. Lakini mawimbi yalikuwapo siku zote, na watu waliyavuka kwa vizazi. Kilichobadilika ni kwamba wavushaji walikwisha. Kijiji kisicho na daktari kinaweza kuishi ikiwa kina vijana wa kumfikisha mgonjwa kwa daktari. Vijana walipokwisha, zile kilomita 2 zikawa ndefu kuliko safari ya Marekani.

Leo

Wakati wa kiangazi boti huwapeleka wageni kisiwani. Wanatembea kati ya kuta za nyumba zilizobomoka, na ufukweni wanaona sili wengi wa kijivu wamejilaza. Ng'ambo yake, Dún Chaoin, kuna kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa 1993 kueleza maisha ya wanakisiwa na vitabu vyao.

Lugha yao pia haijanyamaza. Tarehe 2 Aprili 1972 ilianza Raidió na Gaeltachta, redio ya taifa inayotangaza kwa Kiairishi kwa ajili ya vijiji vinavyoizungumza. Moja ya studio zake iko palepale kwenye Rasi ya Dingle. Kwa hiyo habari na matangazo ya misiba bado yanasomwa kila siku kwa lugha aliyoiandika Tomás.