Waliohesabu Bakteria wa Kuku

Anayetaka kujua usugu wa dawa ulivyofika kwenye sahani zetu za chakula aanzie Japani, katika wodi za wagonjwa wa kuhara damu. Miaka ya 1950 madaktari wa huko walianza kukutana na bakteria wa Shigella wasiosikia dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Mwaka 1959 Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba usugu huo wote unaweza kuhama mara moja kutoka kwa E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo, hadi kwa Shigella, kwa bakteria hao kugusana tu. Kumbe asiyemdhuru mtu ndiye aliyebeba silaha.

Ugunduzi huo ulilileta suala hili zizini. Wakati huo wafugaji wa Marekani na Ulaya walikuwa wakichanganya antibayotiki kwenye chakula cha mifugo ili inenepe haraka. Huko Colindale, London, mtaalamu wa bakteria E. S. Anderson na maabara yake waliifuata Salmonella iliyokuwa ikienea miongoni mwa ndama mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndama wa siku chache walikusanywa kutoka mashamba mengi, wakabanwa pamoja kwa wachuuzi, wakaugua, wakapewa dawa kwa wingi, kisha wakasambazwa nchini. Salmonella ilisafiri nao, ikazidi kuwa sugu, ikafika kwa watu na wengine wakafa. Kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Michael Swann ilishauri mwaka 1969 kwamba dawa za kutibu watu zisitumiwe kunenepesha mifugo. Ushauri mzuri, ila mwanya ulibaki: kwa cheti cha daktari wa mifugo, dawa zilezile ziliendelea kutolewa.

Wenye viwanda walisema ushahidi hautoshi. Chama cha watengenezaji wa dawa za mifugo cha Marekani kikamlipa mtafiti Stuart Levy afanye jaribio shambani, karibu na Boston. Kuku walianza kulishwa chakula chenye tetrasaiklini kidogo. Haikupita wiki mbili, karibu bakteria wote wa utumboni mwao wakawa sugu. Miezi michache baadaye bakteria sugu walikuwa wamejaa kwenye choo cha familia ya shambani, ambayo haikuwa imemeza hata kidonge kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976. Sheria haikubadilika wakati huo, na hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa waliolipia jaribio ndio walioyapuuza majibu yake.

Denmark ndiyo iliyoamua kuhesabu bakteria sugu kila mwaka. Mwaka 1994 nchi hiyo ilitumia takriban kilo 24 za antibayotiki ya vankomaisini kwa wagonjwa wake wote, na kilo 24,000 za ndugu yake, avopasini, kwa kuku na nguruwe. Mwaka 1995 avopasini ikapigwa marufuku, na mwaka huohuo ukaanza mfumo wa kufuatilia usugu, DANMAP. Sampuli huchukuliwa kwa wanyama wenye afya machinjioni, kwenye nyama madukani na kwa wagonjwa. Kila bakteria huoteshwa maabara na kupimwa ni kiasi gani cha dawa kinachomzuia kukua.

Majibu ya kuku yalikuja haraka. Enterokoki, bakteria wa utumboni, walio sugu kwa vankomaisini walishuka kutoka asilimia 72.7 mwaka 1995 hadi 5.8 mwaka 2000. Kwa nguruwe, usugu uligoma: ulikaa kwenye asilimia 20 hivi, ingawa avopasini haikuwepo tena. Mkosaji alikuwa dawa nyingine kabisa, tailosini. Jeni za kustahimili dawa hizo mbili zilikuwa zimefungwa pamoja ndani ya bakteria yuleyule, hivyo kila aliyempa nguruwe tailosini alikuwa akiilinda pia jeni ya kustahimili vankomaisini. Tailosini ilipoachwa kutumiwa kunenepesha mwaka 1998, usugu wa vankomaisini ulianguka hadi asilimia 6. Bila kupima mwaka hadi mwaka, nani angelijua hilo? Marufuku ingeonekana imeshindwa, na wafugaji wangerudia avopasini kwa sababu inayoonekana ya haki. Umoja wa Ulaya ulizuia antibayotiki zote za kunenepesha kuanzia Januari 1, 2006.

Kwetu, Kenya na Tanzania zote zilitoa mipango ya kitaifa dhidi ya usugu wa dawa mwaka 2017. Wakati huohuo unga wa oksitetrasaiklini unauzwa kwenye duka la dawa za mifugo, na mwenye kuku mia mbili huuchanganya kwenye maji ya kunywa mara tu vifaranga wanapoanza kusinzia. Simlaumu, anaokoa mtaji wake. Ninachoziomba wizara za mifugo na afya ni kupima bakteria wa kuku machinjioni na masokoni kila mwaka, kwa njia ileile, na kutangaza takwimu hizo hadharani. Nawe mfugaji, soma kwenye pakiti siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama, na uzitimize zote.