Wa Kwanza, na wa Kwanza Tena: Mameneja Weusi katika Kandanda ya Uingereza

Tarehe 12 Machi, 1881, katika kiwanja cha Oval jijini London, timu ya Scotland iliifunga England mabao sita kwa moja, na nahodha aliyewatangulia Waskoti siku hiyo alikuwa Andrew Watson, mtu mweusi mzaliwa wa Demerara katika koloni la Waingereza la Guyana, mwana wa mama aliyeitwa Hannah Rose na baba wa Kiskoti ambaye mali yake ilitokana na mashamba ya miwa. Ushindi ule umekwisha kusimuliwa mara nyingi. Liko jambo jingine katika maisha ya Watson ambalo, kwa kadhia tunayoizungumza hapa, lina uzito kuliko mabao yote sita, nalo ni kwamba katika klabu ya Queen's Park ya Glasgow, ambayo kwa zama zile haikuwa na mshindani katika Scotland nzima, yeye alikuwa pia katibu, yaani mtu wa kuandikiana barua na klabu nyingine, kupanga michezo, na kuhakikisha kuwa wachezaji kumi na mmoja wamefika mahali walipotakiwa kwa saa waliyotakiwa.

Basi kandanda ilipokuwa bado changa, mtu mweusi alikwisha kuishika kalamu yake, si mpira wake tu. Lau kumbukumbu hiyo ingalitunzwa, waliokuja baadaye wangalikuwa na mahali pa kuegemea hoja yao. Haikutunzwa. Watson alipotundika viatu, jina lake lilipotea kwa vizazi, hata sifa ya kuwa mweusi wa kwanza katika mchezo huo ikawa ya Arthur Wharton, mlinda mlango mzaliwa wa Accra, ambaye naye alifariki mwaka 1930 akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe wala jina mpaka mwaka 1997. Na kusahauliwa huku, kwa maoni yangu, hakukuwa bahati mbaya iliyompata mtu mmoja mmoja. Ndiyo njia hasa ambayo madaraka ya mpira wa Uingereza yalibaki mikononi mwa watu wa rangi moja, pasipo mtu yeyote kulazimika kutunga sheria ya kuwakataza wengine.

Tazama mambo ya Tony Collins. Alizaliwa Kensington, London, mwaka 1926, mama yake mzungu na baba yake mtu mweusi ambaye hakupata kumjua, akalelewa na wazazi wa mama yake. Alikuwa winga wa kushoto, na kama ilivyo ada ya wachezaji wa madaraja ya chini alihama klabu hata klabu, York City, Watford, Norwich, Torquay, Crystal Palace, mpaka akatua Rochdale, mji wa viwanda vya pamba katika Lancashire. Mwaka 1960 meneja wa Rochdale, Jack Marshall, aliitwa na Blackburn Rovers, klabu ya daraja la kwanza iliyokuwa jirani, na wakubwa wa Rochdale wakamkabidhi kazi hiyo Collins, ambaye alikuwa angali anacheza. Kwa mara ya kwanza tangu Ligi ya Uingereza ianzishwe mwaka 1888, timu ikawa chini ya amri ya meneja mweusi.

Miaka miwili haikutimia Rochdale, timu ya daraja la nne, ikafika nusu fainali ya Kombe la Ligi, na waliokutana nao hawakuwa wengine ila Blackburn ya yule yule Marshall. Rochdale walishinda nyumbani tatu kwa moja, wakafungwa ugenini mbili kwa moja, wakapita kwa jumla ya mabao manne kwa matatu. Katika fainali ya mwaka 1962 Norwich, klabu aliyoichezea Collins zamani, iliwazidi nguvu, tatu bila katika kiwanja cha Spotland na moja bila katika mchezo wa marudiano. Lakini timu ya daraja la nne ilikuwa haijapata kuiona fainali ya kombe kubwa, na haikuiona nyingine mpaka Bradford City mwaka 2013. Mtu angedhani kwamba baada ya kazi ya namna hiyo simu ya nyumbani kwa Collins ingelia usiku na mchana.

Alipoiacha Rochdale mwaka 1967 simu ililia kweli, ila ilimwita kwenye kazi nyingine. Don Revie wa Leeds alimtaka awe mpelelezi wake, wa kwenda kukaa jukwaani katika mvua, kuwatazama wapinzani, na kurudi na ripoti ndefu za kueleza nani hukata kushoto, nani huchoka mapema, na kona zao huzipiga vipi. Na katika miaka ya themanini alikuwa mkuu wa watafuta vipaji wa Manchester United chini ya Ron Atkinson. Klabu kubwa ziliyaamini macho yake kiasi cha kununua wachezaji kwa neno lake. Kiti cha meneja hakukikalia tena, ukiondoa majuma machache ya kukaimu Bristol City mwaka 1980.

Mwaka 1993, Lincoln City ilipompa timu Keith Alexander, magazeti yaliandika kwamba huyo ndiye meneja mweusi wa kwanza katika Ligi ya Uingereza. Collins alikuwa hai, na Rochdale haikuwa imehamishwa mahali pake.

Ndani ya miaka hiyo thelathini na mitatu viwanja vilikuwa vimebadilika sura. Mwishoni mwa miaka ya sabini West Bromwich Albion iliwapanga pamoja Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson, wakarushiwa ndizi na matusi ugenini na wakaendelea kufunga. Mwezi Novemba 1978 Viv Anderson akaivaa jezi ya timu kubwa ya England. Lakini vijana hawa aghalabu waliwekwa pembeni au mbele, kwa dhana kwamba Mungu aliwajaalia mbio na nguvu, huku nafasi za katikati, ambako mchezaji hupanga mchezo na kuwaamrisha wenzake, zikihifadhiwa kwa wale waliosadikiwa kuwa na akili ya mpira. Na meneja kwa desturi hutafutwa miongoni mwa waliokuwa manahodha. England yenyewe haikuwa na nahodha mweusi mpaka Juni 1993, alipopewa kitambaa Paul Ince. Pamoja na hayo kazi ya umeneja ilikuwa haitangazwi. Mwenyekiti wa klabu alimpigia simu rafiki yake, rafiki akamtaja mtu aliyecheza naye, na kabla ya saa sita mchana mambo yalikuwa yamekwisha. Katika utaratibu huo hahitajiki mtu mwenye chuki hata mmoja. Inatosha kila mmoja awakumbuke wale anaowajua.

Ukiyafuatilia majina ya waliopenya, utakutana na neno Macclesfield zaidi ya ilivyotarajiwa kwa mji mdogo kama ule. Oktoba 2006 Macclesfield Town ilikuwa mkiani kabisa mwa ligi nzima, ikamwita Paul Ince, akaiokoa siku ya mwisho ya msimu. Mwaka 2008 ilimchukua Keith Alexander, ambaye alipokuwa Lincoln kwa mara ya pili aliifikisha mechi za mchujo wa kupanda daraja misimu minne mfululizo, wala hakuna klabu ya juu iliyomtaka. Alifariki Machi 2010 angali kazini. Novemba 2018, ikiwa mkiani tena, ilimpa timu Sol Campbell, mlinzi aliyeichezea England michezo 73, naye pia akainusuru. Nadhani msomaji amekwisha kuona ni chombo cha namna gani walichokabidhiwa mabwana hawa: jahazi linalovuja, na nahodha mpya huambiwa achote maji kwanza, habari ya safari itasemwa baadaye. Septemba 2020 mahakama iliivunja Macclesfield Town kwa madeni.

Walioajiriwa na klabu zenye uwezo aghalabu hawakupewa muda. Ruud Gullit aliipa Chelsea Kombe la FA mwaka 1997, akawa meneja mweusi wa kwanza kulitwaa, na Februari 1998 akafukuzwa. Naye alikuwa Mholanzi mwenye jina lililojaa dunia nzima, si kijana wa mitaa ya London. John Barnes aliachishwa na Celtic Februari 2000 baada ya kufungwa na Inverness, akakaa miaka minane kabla ya kupata timu nyingine, ile ya taifa ya Jamaica. Ince, mwaka 2008, akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kuongoza timu katika Ligi Kuu, na klabu iliyomwajiri ni ile ile Blackburn aliyoitoa Collins. Alimaliza michezo 17 ya ligi, akaondolewa Desemba. Chris Hughton aliirudisha Newcastle katika Ligi Kuu mwaka 2010 kwa pointi 102, na mwaka huo haujaisha akaambiwa aende zake.

Aliyepewa muda mrefu ni mwanamke. Hope Powell aliteuliwa mwaka 1998, akiwa na miaka 31, kuiongoza timu ya wanawake ya England, akadumu mpaka 2013 na kuifikisha fainali ya Ulaya mwaka 2009, na mwaka 2003 alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata leseni ya juu kabisa ya ukocha ya UEFA. Sitaki kuupunguza ustadi wake nisemapo kwamba wakati alipoteuliwa timu ya wanawake haikuwa kiti kilichogombewa na wakubwa wengi.

Msomaji wa kwetu asiharakishe kuwacheka Waingereza. Timu ya Kongo ilipotwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 kocha wake alikuwa Mhungaria, na mwaka 1974 Myugoslavia. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980 ilikuwa na Mpolandi. Ilikuwa mpaka Qatar, mwaka 2022, ndipo timu zote tano za Afrika zikaingia Kombe la Dunia na makocha Waafrika, na mmoja wao, Walid Regragui wa Morocco, akafika nusu fainali.

Tadbiri ya kwanza yenye meno ilitoka Marekani, katika ule mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai. Mwaka 2003 ligi yao iliweka kanuni, iliyoitwa kwa jina la Dan Rooney mwenye timu ya Pittsburgh, kwamba hakuna timu itakayoajiri kocha mkuu kabla ya kumhoji walau mtu mmoja wa jamii zilizo chache. Na mwaka ule ule Detroit Lions ilipokiuka, mkuu wake alitozwa faini ya dola 200,000. Waingereza waliichukua kanuni hiyo kwa madaraja yaliyo chini ya Ligi Kuu, kwa majaribio kwanza na kwa sharti tangu 2019, ila wakaiachia upenyo: klabu iliyokwisha kumchagua mtu wake bila kufanya usaili haikubanwa na chochote. Yaani ile simu ya mwenyekiti kwa rafiki yake ilibaki halali.

Oktoba 2020 Chama cha Soka cha England kilitoa mwongozo uliotiwa saini na klabu zaidi ya 40, wa kuahidi kwamba asilimia 15 ya watakaoajiriwa katika uongozi wa juu, na asilimia 25 ya makocha wapya, watakuwa watu weusi, wa asili ya Asia, au wa nasaba iliyochanganyika. Ulikuwa wa hiari, na faini haikuwamo. Majuma mawili baadaye mwenyekiti wa chama hicho, Greg Clarke, alikwenda kuhojiwa na kamati ya Bunge, akawataja wachezaji weusi kwa neno la dharau lililokwisha kuachwa zamani, na jioni yake akajiuzulu. Kiti chake kilikaimiwa, kisha Januari 2022 kikakaliwa na Debbie Hewitt, mwanamke wa kwanza tangu chama kiundwe mwaka 1863. Mwenyekiti mweusi chama hicho hakijapata kuwa naye.