Mchongaji, Meza ya Maonyesho na Jina Lake

Kila vinyago vya Kimakonde vinapozungumziwa, hakosi mtu wa kudai kwamba shetani, yule wa viungo vilivyopinda na uso uliovurugika, si sanaa ya Wamakonde. Ni bidhaa, husema, iliyobuniwa dukani Dar es Salaam ili iwapendeze wageni. Ushahidi wao ni kwamba soko lilitangulia, kinyago kikafuata. Ushahidi huo naukubali. Hukumu inayotolewa juu yake siikubali.

Mwaka 1958 mchumi Walter Elkan alichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu biashara ya vinyago Afrika Mashariki. Waandishi wa sanaa huipita haraka kwa sababu si makala ya uzuri. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo thamani yake. Inamtazama mchongaji kama mtu wa kazi, mwenye bidhaa ya kuuza na mnunuzi wa kumtafuta. Tusipomtazama hivyo, hatutaelewa maonyesho yanamfanyia nini fundi.

Usuli unajulikana. Mchongaji Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi Ukambani, Kenya, kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na ujuzi alioupata kwa Wazaramo wa Tanganyika, na baada ya muda uchongaji ukawa riziki ya vijiji. Wamakonde wa Msumbiji nao walivuka mto Ruvuma kuja Tanganyika kukata mkonge, na jioni wakachonga mpingo.

Ubishi wenyewe uko mwishoni mwa miaka ya 1950. Mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa na duka Dar es Salaam na akinunua kazi za wachongaji wa Kimakonde. Shetani wa kwanza anahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa, yapata mwaka 1959. Wapo wanaosema Peera ndiye aliyemsukuma, na hapo hufunga mjadala. Mtafiti Zachary Kingdon hakuufunga. Katika kitabu chake cha mwaka 2002 aliwapa nafasi wachongaji wenyewe waeleze kazi yao, na maelezo yao yanaturudisha kwa nnandenga, kiumbe wa porini aliyekuwa akisimuliwa Umakondeni kabla ya duka hilo. Mnunuzi anaweza kusema, “Niletee kitu kipya.” Kipya chenyewe hutoka mkononi mwa fundi na katika hadithi alizolelewa nazo. Anayemnyima Samaki sifa hiyo kwa sababu aliuza kazi yake angepaswa kuwanyima pia wachoraji wote wa Ulaya waliochora kwa kulipwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mchongaji mwingine, Roberto Yakobo Sangwani. Nguzo yake ya watu waliobebana iliitwa dimoongo, yaani nguvu, na inasimuliwa kwamba ilianza na mwanamieleka aliyebebwa na wenzake baada ya kushinda. Siasa ya nchi ilipobadilika, nguzo hizo zikaitwa “ujamaa”, na jina hilo ndilo lililozoeleka sokoni. Mtindo ulipata jina jipya, huku jina la aliyeuanzisha likisahaulika. Kwenye rafu za maduka na makumbusho paliandikwa neno moja tu: Makonde.

Haikulazimu iwe hivyo. Mwaka 1888 chama cha Arts and Crafts Exhibition Society kilifungua maonyesho yake ya kwanza London, na orodha yake iliwataja kwa majina waliosanifu kazi na walioitekeleza kwa mikono. Fundi wa huko alisomwa kama mtu. Wa kwetu alisomwa kama kabila.

Maonyesho huingia hadi kwenye karakana. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba hufanyika Dar es Salaam kila Julai katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, na mchongaji anayeyategemea hupanga kazi yake kwa kuhesabu siku zilizobaki. Kinyago kikubwa cha mpingo hula miezi, lakini kinachotoka haraka mezani ni kile kinachoingia kwenye begi la msafiri. Basi tezo na patasi huelekezwa kwenye vidogo vinavyofanana. Haraka ikizidi, mti huchongwa ukiwa mbichi, nao hupasuka ukiwa tayari nyumbani kwa mnunuzi. Wengine hupaka mti mwepesi rangi nyeusi ya viatu, ukauzwa kama mpingo. Lawama hubaki kwa mafundi wote.

Lakini maonyesho hayohayo yamewainua watu. Msanii George Lilanga alitokea kituo cha Nyumba ya Sanaa, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, alishiriki maonyesho ya Magiciens de la Terre mjini Paris mwaka 1989. Wote wawili waliingia ukumbini kwa majina yao. Fundi anayejulikana kwa jina huweza kuulizwa kazi yake ijayo, na anayeulizwa hivyo huthubutu kuanza kinyago cha miezi sita.

Changamwe, Mombasa, ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka 1963 ulipata njia ya katikati: kila kazi hubeba namba ya mwanachama, ili fedha zimrudie aliyechonga. Ni mpango wa haki na unastahili heshima. Hata hivyo, namba humlipa fundi bila kumtambulisha.

Tangu mwaka 1999 maonyesho ya Juakali na Nguvukazi huzunguka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wanaoyaandaa, na wanaoandaa Sabasaba, wana uwezo wa kurekebisha kosa hili la kulisahau jina la fundi kwa kadi ndogo: jina la fundi, mahali anapotoka, aina ya mti, mwaka. Nawe msomaji, ukisimama mbele ya meza yenye vinyago, kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani aliyechonga.